Malindi kila gari dogo ni oili ya 20W-50?? Mafundi mnatuulia injini!

Jamani nimenyamaza kitambo lakini leo nasema, nshachoka. Nina Vitz ya silinda tatu, injini ya 1KR, gari ya kunitoa Maweni kwenda kazini na kumpeleka mamangu kliniki Kilifi, basi. Ilipotoka bandarini Mombasa ilikuwa kimya mpaka ukiwa taa nyekundu unadhani imezima. Saa hii kila alfajiri nikiwasha ni krrrrr sekunde nne tano, cheni ya ndani ya injini inapiga kavu maana oili haijafika juu, ndo itulie.

Na kisa ni oili tu. Sevisi tatu mfululizo fundi kanimwagia 20W-50. Ile ya kwanza nkamuuliza, nkamuonyesha kwa kidole kifuniko cha kutilia oili kimeandikwa 0W-20, akaniambia "dada'ngu hiyo ni ya kule kwao Japani kwenye barafu, huku pwani joto, oili nyepesi itakuwa maji, we endesha injini niachie mie." Nkamuachia. Hapo ndo naumia mpaka leo, yani nlikuwa nimesoma, nlikuwa najua, lakini mtu akikwambia ana miaka 20 kazini unajiona we mwanamke utamfundisha nini.

Joto gani la pwani?? Nje ni digrii 32, injini ndani iko kwenye 90 na kitu, na anayeamua ni thamostati, kile kidude kinachoshikilia joto la injini, uwe Malindi uwe Limuru. Ile namba ya mbele yenye W ndo ya baridi, ya nyuma ndo unene wa oili ikishapata moto, wanaipima kwa digrii 100. Kwa hivyo mtu akiniwekea 5 pale mbele badala ya 0 sigombani naye, Malindi hatuna barafu kweli, lakini 50 nyuma kwa injini iliyotengenezewa 20 hiyo si oili ni asali! VVT-i, yani mfumo unaobadilisha muda wa vavu za injini kufunguka, inasukumwa na presha ya oili hiyo hiyo, inapita kwenye vijia vyembamba na kuna kavavu kadogo kenye wavu wa kuchuja mdogo kama ukucha wa kidole.

Wavu huo ndo ulinilaza njiani. Natoka Kilifi na mamangu, kufika Gede taa ya injini ikawaka, gari ikawa nzito nakanyaga haiendi, saa saba mchana jua la utosi, mama ana presha amekaa ndani anajipepea na leso. Kuipima kwa kompyuta ikatoa P0011, kodi ya kusema hiyo VVT-i haiko sawa. Fundi mwengine akafungua ile vavu akanipa wavu nishike, umeziba na kitu cheusi kinanata kama lami, ukikisugua kati ya vidole hakitoki. Kusafisha, filta na oili mpya mara mbili nimetoa 9,800, na krrrrr bado ipo.

Nkarudi kwa yule wa kwanza nkataka kuliona dumu. Nyuma limeandikwa API SF, yani daraja la ubora wa oili. Jamani SF ni oili ya magari ya mwisho 1988!! Gari yangu ni ya 2014. Ile S ni ya petroli, herufi inayofuata ikiwa mbele zaidi ndo mpya, SN ilitoka 2010, SP 2020. Na dumu hilo hilo moja ndo linamwagwa kwa boda, kwa tuktuk, kwa Probox, kwa kila kinachoingia pale. Sikatai, gari kuukuu inayokula oili mtu anaweza kupanda mpaka 5W-30 hata 10W-40, lakini ushike dipstiki upime kila wiki uone inapungua kiasi gani, si kukisia.

Jana nimepita pale kuna Passo nyeupe boneti juu, dumu lile lile liko juu ya betri. Nkamwambia mwenye gari kaka soma kifuniko chako kwanza. Fundi akanifukuza mbele za watu ati namharibia riziki. Na injini yangu je nani kaiharibu?

Sasa mulioko huku, ni duka gani la spea Malindi lina 0W-20 ya SN au SP, kopo lina sili haijaguswa? Nimezunguka Lamu Road yote naonyeshwa 20W-50 tu, na kilomita 120 mpaka Mombasa kufuata lita tatu na kidogo za oili siendi tena.