Mnaokula tambi za mchele zikiwa kiporo, acheni kumharibia mama wa watu kule Chinatown

Wakuu, salamu. Modi, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa mahali pa kula New York, maana ule ndio ulionipandisha hasira.

Kuna mchangiaji, jina lake siliweki, mwenyewe anajijua. Wiki iliyopita niliwaelekeza kwenye kimgahawa cha mama mmoja anayeuza tambi za mchele za mvuke, Chinatown (mtaa wa Wachina) ya Manhattan, meza nne tu, karibu na Grand Street. Niliandika waziwazi: nenda asubuhi, kaa, kula hapohapo. Yeye akaagiza kwa simu akiwa kwake Brooklyn. Chakula kikavuka daraja la Manhattan mgongoni mwa kijana wa baiskeli, kikamfikia baada ya dakika 50. Akafungua, akakuta tambi zimeshikana. Akazitia kwenye maikrowevu, zikawa mpira. Ndipo akaja kuandika hapa kwamba nimemlisha gundi, akaenda na kwenye ukurasa wa mgahawa akaupiga nyota moja. Hakuishia hapo. Akasema chakula hicho Wachina wenyewe wanakiita utumbo wa nguruwe, kwa hiyo Waislamu wakae mbali.

Watu kumi na wanne wakamuunga mkono. Nimesoma maoni yote, hakuna hata mmoja aliyesema amefika pale.

Hilo la utumbo nalimaliza kwanza. Chakula kinaitwa cheung fun kwa Kikantoni, na cheung ni utumbo, ndiyo. Ni kwa sababu ya umbo. Utando mpana wa mchele ukikunjwa unatoka mrefu, mweupe, wenye mikunjo. Zile tupu zisizo na kitu ndani, kwa jina lake refu, hata nguruwe anatajwa. Ndani hamna nguruwe wala utumbo, kama vile ndizi mkono wa tembo haina tembo. Ila anayeshika halali kikamilifu ana sababu nyingine ya kujizuia: nyama ya nguruwe ya kuchoma ipo kwenye orodha yao, na bapa la kukwangulia tambi ni lilelile. Hiyo ni hoja ya kweli, na angeisema hivyo ningemshukuru. Alichofanya yeye ni kuzua.

Na uzushi wa namna hii Wachina wa nchi hii wameubeba muda mrefu. Marekani iliwafungia mlango vibarua wa Kichina kwa sheria kuanzia 1882, ikaifuta 1943, na hata baada ya hapo walioruhusiwa kuingia kwa mwaka walikuwa wachache mno hadi sheria mpya ya uhamiaji ya 1965. Miaka yote hiyo watu walizoea kusema chakula chao ni kichafu, hakijulikani kimetengenezwa na nini. Sisi ambao majirani wanatupigia mlango tukikaanga dagaa, tunapata wapi uso wa kuyarudia maneno hayo?

Sasa tambi zenyewe.

Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Bronx. Treni ya D inanitoa Fordham Road hadi Grand Street bila kubadilisha. Mara ya kwanza nilipita tu mtaani pale wakati wa baridi, nikasimama kwa ajili ya harufu. Ilikuwa ya mchele uliolowekwa, ukasagwa mbichi, ukapigwa na mvuke. Nilijiona niko jikoni kwa bibi asubuhi ya sikukuu, mkate wa kumimina ukiwa kwenye makaa. Hakukuwa na iliki wala tui, lakini ule mchele wa maji niliujua palepale. Nikaingia.

Yule mama anasimama mbele ya sanduku la chuma lenye droo bapa. Anapaka mafuta kidogo, anamimina uji mwepesi wa mchele, anautandaza kwa kuinamisha sinia, anatupia uduvi na majani ya vitunguu, anasukuma droo ndani. Dakika moja hivi, mbili hazifiki, anaivuta. Utando umeshaiva na unaona chuma kwa chini yake. Anaukwangua kwa bapa pana, unajikunja wenyewe, anaukata vipande, anamwagia sosi ya soya iliyolegezwa na kutiwa utamu kidogo. Sahani inatua mbele yako ikitoa moshi. Ukiinua kwa vijiti inatetemeka, na mdomoni hutafuni sana, inateleza, halafu ule uduvi unakujia na chumvi yake. Za tupu wanazimwagia sosi ya ufuta na ya karanga, na ukitaka pilipili wanakupa.

Mchele wanaopenda mafundi wa kazi hii ni wa zamani, uliokaa ghalani, kwa kuwa unakunywa maji vizuri. Wanauongezea wanga mwingine kidogo ili utando usikatike. Kuloweka, kusaga, kupata uzito wa uji, hiyo ni kazi ya alfajiri. Aliyewahi kukosea uji wa vitumbua anajua kijiko kimoja cha maji kinavyoharibu kila kitu.

Lakini wanga wa mchele ukipoa unajikaza. Hakuna fundi anayeweza kuuzuia. Mnajua wali wa jana ukitoka kwenye friji, punje zinavyokuwa ngumu? Ni jambo lilelile. Tambi hizi ni nyembamba, basi zinapoa haraka na kugandana haraka zaidi, hasa zikifungiwa kwenye plastiki na jasho lake. Ndiyo maana wazee wa pale hununua, wanakaa, wanamaliza, wanaondoka kwenda bustani ya Columbus Park kucheza karata. Kama umechelewa na zimepoa, zirudishe kwenye mvuke. Maikrowevu inazikausha.

Kwa hiyo kilichokufikia Brooklyn kilikuwa kiporo, na kiporo kile ulikitengeneza wewe mwenyewe. Ungehukumiwaje kama mtu angechukua chapati zako, akazifungia kwenye mfuko saa nzima, halafu akatangaza kwamba hujui kupika?

Kinachoniuma zaidi ni gharama. Mji huu uliweka sheria mwaka 2021 kwamba programu za kuagiza chakula zisikate zaidi ya asilimia 15 kwa kazi ya kufikisha. Hiyo 15 kwenye sahani ya dola 5 ni pesa kwa mgahawa wa meza nne. Umekula faida ya yule mama, ukaomba na kurudishiwa hela yako, na umejisifu hapahapa kwamba ulirudishiwa. Jumamosi nilipokwenda, binti yake alinionyesha ile nyota moja kwenye simu, akaniuliza kwa upole kama najua mteja huyo alikuwa na shida gani. Niliona haya. Ni mimi niliyewaelekeza.

Namtaka mchangiaji huyo afute yale maneno ya utumbo wa nguruwe hapa jukwaani leo, na ile nyota aiondoe. Kisha Jumamosi ijayo saa 2 asubuhi nitakuwa nje ya kituo cha Grand Street. Aje, sahani nalipa mimi. Akishakula ikiwa bado inatoa moshi, aandike analotaka.