Vinasaba vya kloroplasti na ukoo wa vitunguu

Mwalimu, Tabora: Ndugu zangu, wanafunzi wangu wameuliza kwa nini watafiti wanaofuatilia asili ya kitunguu maji na kitunguu saumu hupendelea vinasaba vya kloroplasti (sehemu ya seli ya mmea inayotumia mwanga kutengeneza chakula) kuliko vya kiini cha seli.

Mdau, Kigoma: Mwalimu, jenomu (yaani jumla ya vinasaba) ya kiini cha kitunguu maji ina takriban jozi bilioni 16 za besi, yaani "herufi" za DNA, ilhali ile ya kloroplasti ina zipatazo 153,000 tu, hubadilika polepole, na kwa kawaida hurithiwa kwa mama pekee, hivyo nasaba husomeka bila kuchanganyika.

Mchangiaji mwingine: Ni kweli, ila baba hasomeki hapo. Allium × proliferum, chotara wa kitunguu maji na Allium fistulosum (spishi nyingine ya kitunguu), angeonyesha mzazi mmoja tu. Kwa machotara, kiini lazima kichunguzwe pia.