Naomba ushauri: wasifu wa marehemu baba, askari wa Vita vya Kagera

Ndugu wanajamvi, shikamooni wakubwa zangu, na wengine nawasalimu.

Marehemu baba yetu alikuwa askari wa JWTZ aliyepigana Vita vya Kagera, akavuka mpaka wa Uganda pale Mutukula mwaka 1979 na kurudi nyumbani akiwa na kovu begani ambalo sisi watoto tulikatazwa kuliuliza. Ndugu wamenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake utakaosomwa siku ya arobaini, nami nimekwama. Habari za nyumbani ninazo tele: alivyotupigia pasi sare za shule kila Jumapili jioni, mistari ikasimama kama wembe, na alivyomwita mama "Afande" hata mbele ya wageni. Za vitani sina. Nimemuuliza mama, nimepekua sanduku la bati la baba nikapata medali moja na barua tatu alizoandika akiwa Masaka, Uganda, na rafiki yake wa kikosini niliyemfuata ameshapoteza kumbukumbu (uzee nao una yake).

Maswali yangu ni mawili. Familia ikitaka kujua kikosi alichotumikia marehemu na tarehe za utumishi wake, huanzia wapi, na huombwa nyaraka zipi? Pili, katika barua moja anakiri kwamba alilia usiku kucha baada ya mwenzake kuuawa. Mama anataka isomwe, ilhali baba mkubwa anasema huko ni kumvunjia askari heshima. Mimi naelekea upande wa mama, ila naogopa kuwagawa wazee siku hiyo. Mliowahi kupitia hali kama hii mlifanyaje?