Mwalimu anashukiwa kuhusu mwanafunzi: taarifa ianzie wapi?

Swali: Wadau, mwalimu anamtumia mwanafunzi meseji za usiku na kumwita ofisini peke yake. Ushahidi kamili hakuna. Aripotiwe vipi?

Jibu 1: Kuthibitisha si kazi yako; shaka yenye msingi inatosha. Andika siku hiyohiyo tarehe, saa, mahali na maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Meseji zisifutwe. Kukiwa na picha za utupu, usizinakili wala kumtumia mtu; kabidhi simu yenyewe polisi.

Jibu 2: Na msimhoji mtoto! "Ikawaje?" inatosha. Ukiuliza "alikushika?" umemlisha maneno, na kesi nyingi huharibikia hapo. Usimwahidi siri pia.

Jibu 3: Akiwa ameingiliwa, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina ukomo huo. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi.

Jibu 4: Mkuu wa shule apewe barua, ubaki na nakala iliyosainiwa. Akisema "tuyamalize hapahapa", nenda polisi au ustawi wa jamii. Mwalimu mwenyewe usimkabili, atafuta kila kitu.