Uraia kidato cha tatu: vipindi sita vya mwisho wa mwaka tuvitumieje?

Kipindi cha Saba

Wadau, habari za majukumu. Nina kidato cha tatu, wanafunzi 54, mada zote zimekwisha. Kabla ya kufunga shule Desemba zimebaki wiki tatu, vipindi viwili kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Marudio ya daftari hayana mvuto tena, mihimili mitatu ya dola wanaitaja hata usingizini. Nafikiria mahakama ya kuigiza, ila nahofia mambo mawili: wanafunzi wanane wataigiza na 46 watakaa kutazama, na kesi itageuka kichekesho. Kesi ipi inafaa, na alama zinatolewaje?

Kalamu Nyekundu

Mkuu, kesi hugeuka kichekesho pale mwalimu anapowaandikia maneno ya kusema. Usiwape maneno. Kila shahidi mpe maelezo yake, nusu ukurasa, na wahusika wengine wasiyaone. Hakikisha mashahidi wawili wanapishana kwenye jambo moja kubwa.

Chukua wizi wa simu usiku, ambapo shahidi anadai alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa. Kwenye kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri (1980), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, usitegemewe mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa kabisa. Ikataja mambo ya kupima: shahidi alimwangalia kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, alikuwa akimfahamu kabla au la.

Sasa hayo yapimwe kwa vitendo. Kama shule ni ya bweni, kipindi cha kwanza kihamishie jioni kabla ya prepo (muda wa kujisomea usiku). Mtu ambaye hawamjui vizuri apite chini ya taa ya nje akiwa na kofia, hatua 20 kutoka waliposimama, kwa sekunde tano. Kila mmoja aandike bila kuulizana: shati rangi gani, alishika nini, mkono upi. Zikusanye karatasi, uzisome kwa sauti. Majibu yatapishana vibaya, na humo ndimo upande wa utetezi utapata maswali yake ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili.

Kuhusu watazamaji, fanya vikundi vitatu vya watu 18, vyote kesi ileile: hakimu, karani, waendesha mashtaka wanne, mawakili wa utetezi wanne, mshtakiwa, mashahidi wanne, na watatu wa kuandika mwenendo wa kesi. Kimoja darasani, kingine barazani, cha tatu chini ya mti. Weka Mahakama ya Mwanzo, wanaifahamu.

Dodoso

Nakubaliana na Kalamu, isipokuwa hapo mwisho. Mahakama ya Mwanzo haina mwendesha mashtaka, mlalamikaji hujisimamia mwenyewe. Ukitaka pande mbili zenye wanasheria, iwe Mahakama ya Wilaya. Wizi ni kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu na adhabu yake ya jumla iko cha 265. Karani ausome shitaka kwa kutaja kifungu.

Umri wa mshtakiwa usiwe chini ya miaka 18. Walimu wengi huandika kwamba mshtakiwa ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Huyo ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto na haisikilizwi mbele ya umati. Mwandike kijana wa miaka 22 mwenye kibanda cha kuchaji simu.

Hatua inayorukwa kila mara ni kesi ya kujibu. Upande wa mashtaka ukishafunga ushahidi, hakimu lazima aamue kama kuna jambo la kujibiwa. Pasipo hatua hiyo wanafunzi hubaki wakiamini kwamba ni mshtakiwa anayetakiwa kujisafisha, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inabaki maneno ya kukariri tu.

Muda: shahidi mmoja dakika tano za kueleza, nne za dodoso. Mashahidi wanne ni dakika 36 kabla hata shitaka halijasomwa, kwa hiyo haitoshi kipindi kimoja. Mashtaka kipindi cha tatu, utetezi cha nne. Cha pili ni cha kuandaa maswali.

Mama Ubao

Alama zisitolewe kwa uigizaji, maana watakaopata ni wale wasemaji walewale. Kipindi cha tano kila mwanafunzi, hata aliyekuwa shahidi, aandike hukumu yake ya ukurasa mmoja. Alama 20: kutaja jambo linalobishaniwa 3, kueleza ushahidi wa pande zote mbili 6, sababu 8, uamuzi 3. Aliyetia hatiani na aliyeachia huru wote wanaweza kupata 20. Anayeandika "nimemtia hatiani kwa sababu alionekana mwongo" anapoteza zile nane zote. Kesi isikilizwe kwa Kiswahili, lakini hukumu iandikwe kwa Kiingereza kwa sababu mtihani wao wa taifa utakuwa kwa lugha hiyo. Kipindi cha sita rudisha karatasi, kisha soma hukumu mbili zinazopingana na darasa lionyeshe njia zilipoachana.

Kipindi cha Saba

Asanteni sana. Shule yetu ni ya kutwa, jioni hawapo. Hilo la mwanga nifanyeje?

Kalamu Nyekundu

Tumia stoo au darasa lenye madirisha ya mbao. Funga yote, washa tochi ya simu moja, ning'iniza kwenye kona, mtu apite upande wa pili. Waingie 18 kwa zamu, na waliokwisha kuona wasichanganyike na wanaosubiri.

Dodoso

Na pima umbali kwa tepu, uandike ubaoni. Shahidi atakapodai "alikuwa karibu tu", wakili amuulize: mita ngapi?