Unyenyekevu ninaoupata chini ya nyota: ni imani, ni malezi, au ni kemia ya ubongo?

Mtazamanyota
Salaam kwenu nyote. Nililelewa katika familia ya watu wa ibada, kisha nikasomea fizikia, na pande zote mbili zimekuwa zikinikumbusha kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Siulizi nani ana haki. Ninapoitazama galaksi ya Andromeda usiku, nikijua kwamba nuru inayonifikia iliianza safari yake miaka ipatayo milioni 2.5 iliyopita, hunijia unyenyekevu ambao siupati tena ninaposali pamoja na wenzangu. Je, huo ni imani, ni mabaki ya malezi, au ni kemia ya ubongo tu?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu yangu, mafahali hao wamewahi kukaa zizi moja, tena kwa utulivu. Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa padri na mwanafizikia. Mwaka 1927 alichapisha hoja kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulitokana na kile alichokiita atomu ya awali. Papa Pius XII alipoihusisha elimu hiyo na uumbaji mwaka 1951, ungetarajia padri afurahi, lakini hakupendezwa, kwa kuwa aliona nadharia yake iko nje ya maswali ya dini na kwamba muumini na asiyeamini wanaweza kuipima kwa usawa.

Katika Uislamu pia imepokewa kwamba Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyohiyo, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba huo. Yeye aliwakatalia, akisema kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu na havipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote. Kisha akawaelekeza wasali. Tazama jinsi maelezo yasiyo sahihi yalivyoondolewa na sala ikabaki.

Binti Hoja
Mwalimu, kwa heshima zote, mifano yako ni mizuri lakini imechaguliwa. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, alihukumiwa na Kanisa mwaka 1633 kwa kutetea kwamba dunia hulizunguka jua, na ni mwaka 1992 ndipo Papa Yohane Paulo II alipokiri hadharani kosa la wale waliomhukumu. Dini nyingi husema mambo kuhusu ulimwengu, na lolote linalosemwa kuhusu ulimwengu linaweza kupimwa. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo: walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa hawakutofautiana na wasioombewa, na walioambiwa kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo.

Hata hivyo, utafiti huo ulipima yaliyowapata wagonjwa, wala haukugusa yaliyompata yule aliyekuwa akiomba, na nadhani swali la Mtazamanyota liko hapo hasa. Ndugu, katika swali lako neno linalonisumbua ni lile "tu". Furaha ya kuelewa mlinganyo nayo hupitia kwenye ubongo, lakini hakuna anayesema mlinganyo ni batili kwa sababu hiyo. Wakati huohuo, usiifanye kemia hiyo kuwa ushahidi kwamba yuko anayekutazama kutoka huko juu. Haithibitishi hilo wala haikanushi.

Mwalimu Mstaafu
Hapo kwenye "tu" umenishinda, binti yangu, na nimekubali. Nabaki na shaka moja ndogo: hisia isiyo na jamii ya kuitunza hufifia upesi, na dini, pamoja na makosa yake yote, imejua kuitunza kwa nyimbo, saumu na ukimya.

Mtazamanyota
Nawashukuru nyote wawili. Nilipokuwa nikiwasoma nimegundua jambo ambalo sikuwa nimelikiri: katika ibada ya pamoja nimekuwa nikisahihisha kila sentensi ya kiongozi kana kwamba nasahihisha mtihani, ilhali anga halinipi sentensi yoyote ya kusahihisha. Wiki ijayo nitakwenda kukaa safu ya nyuma, niache kalamu nyekundu nyumbani. Mwalimu, ikiwa hata hivyo sitahisi chochote, utanishauri nini?