Lamu kwa miguu: siku 2 zinatosha?

Wa Ntinda: Wakuu, tunatoka Kampala kwa basi hadi Mombasa, kisha Lamu. Pasipoti ni lazima? Na vile vichochoro, mtu hapotei?

Wa Busia: Kitambulisho cha taifa kinatosha kuingia Kenya. Basi la Lamu linaishia Mokowe, gati la bara, mnavuka kwa boti. Patana nauli kabla ya kupanda.

Mpenda Vichochoro: Kupotea ndiyo raha yenyewe, ndugu. Mji umeinamia bahari: fuata maji ya mfereji yanakoteremkia, utatokea ufukoni. Ramani ya simu huchanganywa na kuta ndefu za matumbawe. Anzeni ngomeni, iliyomalizika 1821, mshike Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuelekea mtaa wa Mkomani saa 12:30 asubuhi. Milango ya nakshi huonekana vizuri kabla watu hawajajaa. Ukisikia kwato nyuma, jibanze ukutani, punda mwenye mzigo hapishi mtu. Viatu vishike chini, samadi inateleza.

Siku 2 zinatosha. Kijiji cha Shela ni kilomita kama 3, ila nendeni maji yakipwa. Yakijaa njia inazibwa.

Wa Ntinda: Ijumaa je?

Wa Busia: Mchana maduka mengi hufungwa kwa sala. Fikeni Jumamosi.